Kompyuta hailewi, lakini

Hoja ya watetezi wa magari yasiyo na dereva ni nzito, tusiibeze: kompyuta hailewi, haisinzii, haichati barabarani. Kwa hilo tu wengi wetu tumeshashindwa.

Lakini hebu tutazame Tempe, Arizona, usiku wa tarehe 18 Machi 2018. Gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa anavuka barabara akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walibaini kuwa mitambo ilimwona sekunde 5.6 kabla. Muda wa kutosha kabisa! Ila ikawa haijui imeona nini: mara gari, mara kitu kingine tu, mara baiskeli. Programu haikuandikwa ikijua kwamba mtu anaweza kuvuka pasipo na kivuko. (Kwa uvukaji wetu wa Kariakoo, tungekwisha.)

Ndani alikuwemo msimamizi, macho kwenye simu. Mwaka 2023 alikiri kosa, akapewa miaka 3 ya uangalizi nje ya gereza. Kampuni je? Mwendesha mashtaka alishasema 2019 kwamba haina jinai ya kujibu.

Hapo ndipo ninapokwama. Huenda magari haya yatapunguza vifo kweli, na nitafurahi. Ila dereva mlevi akiua, tunajua wa kumuuliza. Hapa yupo aliyeandika programu, aliyeipitisha, aliyeruhusu ijaribiwe kwenye barabara ya watu. Aliyesimama kizimbani ni mmoja, yule aliyeajiriwa kukaa na kuangalia.