Aliyeokota Bendera ya Muta

Ndugu zangu Waislamu, nawausia nyinyi, nami najiusia kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Kuna jambo tunalizungumza kila siku hapa Ifakara: vijiweni kwa bodaboda, kwenye mashine za kukoboa mpunga, pale stesheni tukisubiri treni ya TAZARA. Chama kimeshindwa uchaguzi; sasa nani akiongoze? Aliyekuwepo abaki au ang'oke? Najua wapo watakaosema ustadhi leo kaleta siasa msikitini. Sikuja kumpigia mtu debe, na katika safu hizi wamo watu wa kila chama. Nimekuja kwa sababu uongozi ni amana, na amana hatuiachi pale viatu vinapoachwa.

Mwaka wa 8 Hijria Mtume (s.a.w.) alituma jeshi la watu 3,000 kwenda Muta, katika nchi ambayo leo inaitwa Jordan. Kabla hawajaondoka aliwapangia uongozi: amiri ni Zayd bin Haritha, akiuawa, ashike Jaafar bin Abi Talib, naye akiuawa, ashike Abdullah bin Rawaha. Wakakutana na jeshi lililowazidi mno. Zayd akauawa. Jaafar akauawa. Abdullah bin Rawaha akauawa. Jina la nne halikuwepo.

Hebu jiwekeni pale. Adui yuko mbele, viongozi watatu wamelala chini, na hakuna aliyeachiwa usia. Akatokea Thabit bin Aqram, mtu aliyepigana vita vya Badri, akaiokota bendera na kuwaita wenzake wakubaliane juu ya mtu mmoja. Wakamwambia: basi wewe. Akakataa. Akamkabidhi Khalid bin Walid, ambaye tangu asilimu ilikuwa imepita miezi michache tu. Khalid mwenyewe alisita, akiona kwamba Thabit ana haki zaidi kwa kuwa amemtangulia. Thabit akamjibu kuwa katika mambo ya vita Khalid ndiye mjuzi.

Thabit alifanya mambo mawili ambayo ni shida kuyakuta kwa mtu mmoja. Aliinua bendera wakati kila mtu angeweza kusema hainihusu. Kisha, ilipokuwa mkononi mwake na watu wameshamkubali, hakuing'ang'ania. Wengine wetu tunaliweza la kwanza. La pili ndilo linalotutoa jasho.

Na Khalid hakurudi na ushindi. Alirudi na watu. Alibadilisha safu, akamtia adui wasiwasi, akaliondoa jeshi. Walipofika Madina baadhi ya watu waliwarushia mchanga wakiwaita waliokimbia vita. Mtume akawatetea, akasema si wakimbiaji hao, ni watu watakaorudi tena uwanjani. Zingatieni kwamba waliorusha mchanga walikuwa waliobaki mjini.

Miaka mitano kabla ya Muta kulikuwa na vita vya Uhud. Mtume alipendelea kubaki Madina. Wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi Badri, wakataka kutoka. Akaifuata rai yao. Abdullah bin Ubayy akasusa kwa kuwa rai yake haikufuatwa, akarudi mjini na watu wapatao 300. Kisha wapiga mishale wengi wakaacha kilima walichoamriwa wasikiache. Wakauawa masahaba 70. Mtu wa kawaida angesema: kuanzia leo sishauriani na yeyote. Lakini tazameni Sura Aali Imran, aya ya 159: Mtume anaamrishwa awasamehe, awaombee maghufira, na ashauriane nao. Amri hiyo ilishuka majeraha yakiwa mabichi, kwa watu wale wale waliokosea. Kwa hiyo anayesema chama kimeshindwa, huu si wakati wa vikao, huu ni wakati wa mtu mmoja kuamua, hana hoja kutoka Uhud.

Tuje nyumbani. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 Chadema ilitoka na mbunge mmoja tu wa jimbo, Aida Khenani wa Nkasi Kaskazini. Viongozi wake waliyakataa matokeo, wakasema uchaguzi uliharibiwa. Aliyedhulumu kura ya mtu, awe nani, atakutana nayo siku ambayo hakuna rufaa. Leo nazungumzia yaliyofuata ndani ya nyumba. Haukupita mwezi mzima, wanawake 19 wa chama hicho, Halima Mdee akiwemo, wakaapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu, na Kamati Kuu ikawavua uanachama ikisema haikuwateua. Likazuka swali: nani hasa mwenye kauli?

Swali hilo lilikuja kupigiwa kura Januari 2025, katika uchaguzi wa mwenyekiti wa chama, pale Mlimani City, Dar es Salaam. Tundu Lissu alipata kura 513, Freeman Mbowe 482. Tofauti ni kura 31, naye Mbowe alikuwa mwenyekiti tangu 2004. Mbowe akakubali na kumpongeza mwenzake. Unaweza kumpenda au kutompenda, lakini kukabidhi kiti ulichokalia miaka zaidi ya 20, mbele ya kadamnasi, si jambo dogo. Wapo maimamu, astaghfirullah, ambao hata kipaza sauti hawawezi kumwachia mwenzao.

Mei ya mwaka huo huo baadhi ya waliokuwa viongozi wa Chadema, Salum Mwalimu na Benson Kigaila miongoni mwao, wakahamia chama cha CHAUMMA. Walitofautiana na wenzao juu ya kushiriki uchaguzi au kutoshiriki hadi sheria zibadilishwe. Simwiti mtu mnafiki. Ya nyoyo anayajua aliyeziumba, na kuhama chama si kuhama dini. Lakini rai yako isipofuatwa, jiulize kwanza: unaondoka kwa sababu jambo ni batili, au kwa sababu si la kwako?

Na sisi wa bonde hili hatuna haki ya kuwacheka watu wa Dar es Salaam. Mwaka 2015 majimbo yetu mawili, Kilombero na Mlimba, yote yalikwenda Chadema: Peter Lijualikali huku, Susan Kiwanga kule. Mwaka 2020, kabla ya uchaguzi, Lijualikali alishahamia CCM, na uchaguzi ulipokwisha majimbo yote mawili yalikuwa yamekwenda CCM, kwa Abubakar Asenga na Godwin Kunambi. Ni ndani ya miaka mitano tu. Waliobaki matawini wakawa hawajui wamsikilize nani, na kila mmoja akawa na mchawi wake. Wakulima tunalijua hili: mto ukipanda ukalaza mpunga, mwenye akili huangalia kwanza mbegu iliyobaki ghalani, ugomvi wa mpaka na shemeji yake atauendeleza baadaye.

Mkitaka kuona pale kutokubaliana kunapofika, kitazameni chama cha CUF. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti Agosti 2015, uchaguzi ukiwa mlangoni. Mwaka 2016, uchaguzi ukiwa umeshapita, akaandika kuwa amerudi. Msajili wa Vyama akamtambua. Upande wa Maalim Seif Sharif Hamad ukakataa. Chama kimoja kikawa na vichwa viwili, hadi Machi 2019 Mahakama Kuu ilipoamua kwa upande wa Lipumba, na Maalim Seif na wafuasi wake wakahamia ACT-Wazalendo. Karibu miaka mitatu ya nguvu za watu wazima, wengi wao ndugu zetu wa safu moja, ilikwisha kortini. Kwa maoni yangu kosa la kwanza lilikuwa kuachia kiti wakati wa shida, na la pili kukirudia kana kwamba kilikuwa koti lililotundikwa likingoja mwenyewe.

Mtume alimwambia Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwani anayepewa bila kuomba husaidiwa, na anayepewa kwa kuomba huachiwa mwenyewe. Najua mtaniuliza: mbona Nabii Yusuf aliomba hazina ya Misri? Aliomba, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu wa kazi hiyo, na njaa ilikuwa inakuja. Hakuomba ili apate pa kukaa.

Ndugu zangu, haya hayaishii kwenye vyama. Yako kwenye SACCOS, kwenye vyama vya ushirika, kwenye kamati za misikiti, ambako mwenyekiti akishindwa huondoka na muhuri na daftari nyumbani kwake, na mgogoro unarithiwa na wajukuu.

Basi wewe uliyepata uongozi kwa kura chache, waite waliokupinga, uwasikilize kabla hujawapanga. Wewe uliyeshindwa, kama una funguo za ofisi ya tawi, muhuri, au pesa za wanachama hata kama ni elfu kumi, vikabidhi wiki hii, kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Nanyi vijana wenye simu, msisambaze sauti ya mtu iliyorekodiwa kwa siri. Uhud pia kulienezwa uvumi kuwa Mtume ameuawa, na kuna waliotupa silaha kwa neno lile.

Wapo miongoni mwetu wasiosalimiana tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, ilhali Mtume ametukataza kumhama ndugu zaidi ya siku tatu. Tukishasali, kabla hujavaa viatu, mtafute mwenzako humu humu ndani, umpe mkono, na uanze wewe.