Mwambie Mwenyewe Kwanza



Mtu huchagua rafiki yake, tena huchagua mke wake; lakini mwenzake wa kazi hamchagui. Asubuhi moja afika kazini, aonyeshwa meza yake au sepetu yake, na hapo amkuta mtu asiyemjua, pengine wa kabila lingine na wa tabia nyingine kabisa. Tangu siku ile watakaa pamoja kutwa nzima, juma kwa juma, hata kupita saa anazokaa na watoto wake. Wazee wetu walisema kwamba vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Basi, si ajabu walimu wa shule moja wakikosana, au waashi wa ukuta mmoja, au wauguzi wa hospitali moja. Shauri letu la leo ni hili: mwenzetu wa kazi akikosa, neno la kosa lake tulipeleke wapi kwanza?

Wengi hujibu upesi: «Kusingizia ndiko dhambi. Lakini nikisema jambo la kweli tupu, nimekosa nini?» Jibu hilo laonekana lina nguvu. Sisi wenyewe tulilishika zamani, nalo lilituaibisha. Tuwasimulie.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukifundisha darasa la nne katika shule moja ya kijijini. Mwalimu wa darasa la tatu, mtu aliyetupita kwa umri, alikuwa akichelewa kila Jumatatu. Sababu yake ilijulikana: siku ya Mungu alikwenda kuuza samaki wakavu katika soko la ng'ambo ya mto, na asubuhi mtumbwi ulikawia kumvusha. Sisi tulibaki na madarasa mawili, tukikimbia kutoka ubao huu mpaka ubao ule, huku watoto wa upande mmoja wakipiga kelele tulipokuwa upande wa pili. Je, tulimwambia neno? Hapana. Alipofika tulimsalimu kwa heshima: «Jambo, yaya.» Naye akaitika: «Jambo, mdogo wangu.» Basi, yakaisha.

Kumbe hayakuisha. Saa sita, tulipokaa na walimu wengine chini ya mwembe, tulisema yote. Hatukuongeza hata neno moja. Lakini ulimi hauna mfupa, na neno likitoka kinywani halina mwenyewe tena. Kutoka mwembeni lilifika kwa karani, na kutoka kwa karani lilifika kwa direkta. Njiani lilinenepa: «anachelewa» likawa «haji kazini», na «haji kazini» likawa «anakula mshahara wa bure». Siku moja mwalimu yule aliitwa, akakaripiwa mbele ya watu. Jioni alikuja kwetu. Hakuja kwa hasira. Alisema tu: «Mdogo wangu, mlango wa darasa lako na mlango wa darasa langu ni hatua tano. Neno lako limezunguka shule nzima mpaka kunifikia mimi. Kwa nini hukupiga hatua tano?»

Hatukuwa na jibu. Angalieni vema, wasomaji: yeye alikuwa amekosa kweli, nasi tulikuwa tumesema kweli. Lakini mwenye kuona haya jioni ile alikuwa sisi.

Seminarini tulifundishwa mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, yule mwalimu mkubwa wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274. Wakati ule tuliyasoma kwa ajili ya mtihani. Baada ya jioni ile tuliyaelewa. Tomaso asema kwamba kumwonya ndugu ni tendo la mapendo, maana twamwondolea mwenzetu kitu kibaya, sawa na kumtibu mgonjwa. Lakini kumsema mtu kwa siri, ili jina lake jema lipungue, ni dhambi, hata kama jambo lenyewe ni kweli. Jina jema ni mali ya mtu kupita fedha yake. Mwizi wa mbuzi hawezi kujitetea akisema: «Lakini yule mbuzi ni mbuzi wa kweli!» Vivyo hivyo mwenye kuondoa jina la mwenzake hajitetei kwa kusema kwamba maneno yake ni ya kweli. Tena Tomaso aongeza jambo lingine: mtu anayepeleka maneno huku na huku ili kutenganisha marafiki afanya vibaya kupita yule anayesengenya tu, kwa sababu rafiki ni bora kuliko sifa.

Basi twaona tofauti. Neno ni lile lile: «Unachelewa, nami naumia.» Likipelekwa kwa mwenyewe, ni dawa. Likipelekwa kwa wengine kwanza, ni sumu. Maneno hayakubadilika, njia ndiyo iliyobadilika.

Hata watakatifu waliujua uchungu huo. Karibu mwaka 395 Mtakatifu Agostino, aliyekuwa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, alimwandikia barua Mtakatifu Yeronimo aliyekaa Betlehemu. Wote wawili walifanya kazi moja ya kufafanua Maandiko Matakatifu. Agostino hakukubali namna Yeronimo alivyoeleza mahali pale ambapo Paulo asimulia jinsi alivyomkemea Petro kule Antiokia. Barua ile haikufika: mjumbe aliyepewa alifanywa askofu kabla hajasafiri, halafu akafariki. Karibu mwaka 397 Agostino aliandika barua ya pili. Mjumbe wa pili naye hakufika Palestina. Lakini barua ilinakiliwa, ikasomwa na watu huko Roma na mahali pengine, hali Yeronimo mwenyewe hajaipokea. Uvumi ukaenea kwamba Agostino ameandika kitabu cha kumpinga Yeronimo. Mzee Yeronimo alikasirika sana, akajibu kwa maneno makali. Na sisi twaweza kumlaumu? Nani asiyeumia akisikia lawama yake kutoka kwa watu wa mbali, na mwenye lawama hajamwambia neno?

Agostino hakuwa amekusudia hivyo. Alimwandikia tena kwa unyenyekevu, akaomba radhi ikiwa amemchukiza. Hawakupatana upesi juu ya maana ya maneno ya Paulo, hata hivyo walipatana wao kwa wao; na baadaye walisimama upande mmoja kuyapinga mafundisho ya Pelagio. Twajifunza mambo mawili: watu wanaweza kuachana mawazo bila kuachana mioyo, na neno jema likipita njia mbaya laweza kuwajeruhi hata watakatifu.

Lakini twasikia wasomaji wakinung'unika, tena si bure.

Mmoja asema: «Mimi hunyamaza kwa ajili ya amani.» Ndugu, jichungue. Ikiwa kosa ni dogo na umelisahau kweli, kunyamaza kwako ni uvumilivu, na Mungu akubariki. Lakini ikiwa wanyamaza mbele yake na kusema nyuma yake, hiyo si amani. Na ikiwa wanyamaza mbele ya wote, huku moyoni waandika kila siku deni lake, deni lile litalipwa siku moja kwa ugomvi mkubwa juu ya kitu kidogo, kama kalamu au kiti.

Mwingine asema: «Yeye ni mzee wangu, au ni kapita wangu. Kwetu mdogo hamkemei mkubwa.» Kweli, nasi hatutaki mvunje heshima. Lakini heshima haituzuii kusema. Yatufundisha namna ya kusema. Mdogo aweza kwenda jioni, akaketi, akasalimu, akasema: «Yaya, nina shida, naomba unisaidie. Jumatatu madarasa mawili yananishinda.» Hapo hakumkemea mtu, ameeleza mzigo wake. Na akiogopa kwenda peke yake, aende na mtu mmoja wa makamo, anayependwa na pande zote mbili. Wazee wetu walifanya hivyo kabla hatujajua kusoma.

Wa tatu asema: «Na mwenzangu akiiba fedha ya likelemba yetu? Na akija mlevi kuendesha lori la wafanyakazi?» Hapa ni lazima tutofautishe. Bwana wetu Yezu katika Injili ya Matayo alitupa ngazi: kwanza nenda kwa ndugu peke yako; asiposikia, chukua mmoja au wawili; asiposikia bado, liambie kanisa. Ngazi hupandwa kutoka chini. Lakini penye hatari kwa uhai wa watu, au kwa watoto, au penye wizi unaoendelea, usingoje: mwambie mkubwa anayeweza kuzuia, leo hii. Hilo si sengenyo, maana hutafuti kumvunjia mwenzako jina, wawalinda watu. Na kosa lililofanywa mbele ya wote laweza kuonywa mbele ya wote, kama Paulo alivyofanya kule Antiokia. Lakini angalieni: hata siku ile alimkabili Petro uso kwa uso, wala hakungoja aondoke ndipo aseme. Basi jiulize tu: huyu ninayemwambia aweza kuponya jambo hili? Direkta aweza. Mwembe wa saa sita hauwezi. Wala kikundi cha simu, ambamo neno la leo lasomwa na watu hamsini kabla ya jua kuchwa, hakiwezi.

Labaki swali moja gumu: aliyekwisha kusema afanye nini? Aliyesingizia hurudi, akasema: «Nilisema uwongo.» Lakini aliyesema kweli hawezi kusema hivyo, maana ataongeza uwongo juu ya kosa la kwanza. Mtakatifu Tomaso alilifikiri hata jambo hilo. Asema kwamba jina jema lililoondolewa yapasa lirudishwe, kama vile mali iliyoibiwa; na aliyelivunja kwa maneno ya kweli aseme tu kwamba alisema vibaya, au kwamba alimvunjia mwenzake jina bila haki. Hapo hakusema uwongo, naye ameanza kulipa.

Nasi tulifanya hivyo. Kwanza tulivuka zile hatua tano, tukaomba msamaha. Halafu saa sita, chini ya mwembe ule ule, tulisema mbele ya walimu: «Tulikosa kumsema mwenzetu hapa kabla ya kumwambia yeye.» Wengine walicheka, wengine walinyamaza. Tangu siku ile sisi na yeye tuliafikiana: akijua atakawia, alituma habari mapema, nasi tulipanga masomo ya madarasa mawili, na siku zetu za shida yeye alitushikia darasa letu. Soko hakuliacha mara moja. Lakini Jumatatu haikuwa tena siku ya kinyongo.

Ndugu wasomaji, kesho mtarudi kazini, wengine shambani, wengine ofisini, wengine kiwandani. Huko yupo mtu mmoja ambaye neno lake limo moyoni mwako, tena labda limekwisha kupita kinywani mwako mbele ya wengine. Hesabu hatua zilizoko kati ya mlango wako na mlango wake. Halafu uzipige, kabla neno halijafika kwa njia nyingine.