Mstari Mmoja Zaidi

Je, jambo jema likiisha kuamriwa, hubaki jema vile vile? Swali hili laweza kuonekana mchezo wa maneno, lakini mimi lilinijia kwa aibu, darasani, mbele ya wanafunzi arobaini, nilipokuwa nimetoka chuo cha ualimu si zamani. Ili nilieleze, sina budi kuanza na babu yangu.

Katika miaka ya 1950 Babu alikuwa kijana katika shamba la mzungu mmoja karibu na Kitale. Alikuwa skwota, yaani mtu aliyeruhusiwa kujenga kibanda na kulima sehemu ndogo ya ardhi isiyo yake, akailipia ruhusa hiyo kwa jasho. Sheria ya mwaka 1918 iliwadai watu wa namna yake siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka. Ile ya 1937 ikaruhusu siku hizo ziongezwe hata kufika 270. Mwenye kuzihesabu ataona ni siku ngapi zilizobaki kwa ajili ya mke, watoto, mvua na ugonjwa. Hata hivyo Babu alijiwekea desturi. Kila jioni alikwenda kwenye kishamba chake, akalima kadiri aliyoikusudia, kisha, jembe likiwa limekwisha kuwa zito mkononi, akaongeza mstari mmoja.

Baadaye, alipohamia Bungoma na kupata shamba lake mwenyewe, alitufundisha sisi wajukuu hesabu ya mstari huo kwa kijiti mchangani. Ekari moja, ikiwa mraba, ina upande wa mita 63 na kitu. Mistari ya mahindi ikiachana kwa sentimita 75, ekari hiyo huchukua mistari ipatayo 84. "Sasa," alisema, "anzeni siku ya mwaka mpya, limeni mmoja tu kila siku." Tulihesabu kwa vidole, Januari, Februari, mpaka tukafika juma la mwisho la Machi, mvua za masika zinapotazamiwa, na ekari nzima iko tayari kupandwa. Tulistaajabu kana kwamba tumeonyeshwa mazingaombwe. Hata mbegu aliyopenda kuitaja, ile chotara ya H611 iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ilipatikana kwa mwendo huo huo wa polepole. Maana nyanda zile huwa na msimu mmoja tu wa mahindi kwa mwaka, na anayechagua mbegu hana budi kungoja.

Nilipokuwa mwalimu nililichukua somo hilo nikaligeuza sheria. Kila mwanafunzi wangu alipaswa kubaki nusu saa baada ya kengele ya mwisho, afanye hesabu tano zaidi. Niliwasimulia habari za Babu, nikajiona mtu mwema. Siku moja msichana mmoja alisinzia katika nusu saa hiyo. Nikamwamsha kwa ukali, nikamwuliza kama hajui maana ya kuongeza kidogo. Alisimama, akasema kwa heshima, "Mwalimu, mimi niliongeza alfajiri. Nilichota maji mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa ya nyanya yangu mgonjwa. Hapa namaliza ya kwako." Darasa likanyamaza. Nikamwambia aketi, kwa sauti ya mtu aliyekosa lakini hataki ijulikane.

Jumamosi nilikwenda kwa Babu, nikitumaini atanitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, nilikuambia mstari wa ziada niliulima katika shamba la nani?"

Nikajibu kuwa ni katika lake.

"Nyapara naye alinitaka niongeze mstari, kila siku. Ule sikuuhesabu kamwe. Ulikuwa kazi tu."

Nimelifikiri sana neno lile, wala silikubali lote. Kama kila mtu angengoja kupenda kwanza, wengi wetu tusingeongeza chochote. Mtoto hujifunza kusoma, na hata kusalimu wakubwa, kwa kuamriwa kwanza. Mwalimu asiyedai kitu si mwalimu. Lakini nakubali hili: nilichokidai mimi hakikuwa ziada. Nilikuwa nimerefusha siku ya kazi, kama wale waliozitoa siku 180 wakazipeleka 270, kisha nikataka watoto wanione mfadhili. Mstari wa Babu ulikuwa na thamani kwa sababu angaliweza kuuacha na asiwepo wa kumkemea. Ulikuwa sehemu ya siku yake ambayo hakupangiwa na mtu. Tena sikujua kila mtoto alianza siku yake saa ngapi. Yule aliyetoka katika nyumba yenye bomba na yule aliyetoka mtoni niliwapimia kipimo kimoja, nikakiita usawa.

Juma lililofuata niliifuta sheria yangu. Niliwaambia wanafunzi kwamba mlango utakuwa wazi kwa nusu saa, nami nitakuwapo, na sitaandika jina la mtu, awe amebaki au ameondoka. Siku ya kwanza walibaki kumi na mmoja. Msichana yule hakuwamo. Kwa dirisha nilimwona akishika njia ya mtoni, na mtungi mtupu mkononi.