Kiburi cha Mshona Viatu

Yuko mzee usharikani mwetu ashonaye makubazi ya ngozi. Hupima kila mguu, akajua kidole kipi kina sugu. Tangu viatu vya plastiki vijae sokoni, yeye huviita viatu visivyo na baba. Majuzi mjane alimletea kimoja kilichokatika ukanda. Akakataa hata kukigusa. Mtoto akaenda shule pekupeku.

Je, kiburi hicho ni dhambi? Tusiharakishe kuhukumu. Mwaka 1520 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa Ujerumani kwamba mshona viatu, mhunzi na mkulima, kila mmoja ana kazi yake, nao wote ni makuhani. Tena kazi ya kila mmoja sharti iwafae wengine. Basi kuona haya kutoa kazi mbovu ni uaminifu, nasi twamsifu mzee kwa hilo. Lakini mkono huo alipewa kwa ajili ya mguu wa jirani, na mjane hana bei ya makubazi. (Sisi wenye jozi mbili twalisahau upesi.) Tena viatu vya kiwanda vina baba: ndugu wa Baťa, walioanza kazi Zlín mwaka 1894, walikuwa wana wa mshona viatu.

Tulimwendea jioni tukamwambia hayo. Alinyamaza, akiugeuzageuza msharasi wake. Kisha akauliza ukanda ule ulikatikia wapi.