Imani, Rika na Maswali ya Vijana katika Nchi ya Chai

Iwapo imani yaweza kurithishwa kama shamba linavyorithishwa ni swali zito katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, kwa kuwa kijana wa Kapkatet mara nyingi huzaliwa katika nyumba ambayo tayari ni ya Kikristo, akalelewa katika kanisa alilochaguliwa na wazazi wake, na hatimaye akafikia umri wa kutaka kujua sababu za yale aliyokwisha kuyakiri.

Miongoni mwa wachungaji wa Kenya waliolishughulikia swali hili kwa dhati ni Muriithi Wanjau, mwanzilishi wa kanisa la Mavuno, lililochipuka kutoka Nairobi Chapel mwaka 2005 likiwalenga hasa vijana wa mjini. Mizizi, mafunzo ya wiki 10 yaliyoanzia katika kanisa hilo, humtoa muumini kwenye kiti cha msikilizaji na kumweka katika kikundi kidogo ambamo watu husoma, huulizana na kufahamiana kwa majina. Nguvu ya mpango huo imo katika kikundi kuliko katika kitabu, kwa sababu maandishi huanzisha tu mazungumzo ambayo lazima yaendelezwe na watu wanaoonana.

Wakipsigis, wenyeji wa Kericho na Bomet, wana msingi wa kulielewa jambo hili. Katika menjo, yaani makao ya faragha ya vijana waliotahiriwa, mafunzo yalikuwa mikononi mwa motiriot, mlezi aliyekaa karibu nao na kuwajibika kwa mwenendo wao, na waliotoka humo waliingia katika rika moja, kama vile Chumo au Kaplelach, lililowafunga pamoja maisha yao yote. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwandishi wa *African Religions and Philosophy* (1969), alisisitiza kwamba Mwafrika hujitambua kama mtu ndani ya jamii yake. Basi mahubiri yanayomhutubia kijana peke yake, bila rika wala mlezi, humkuta akiwa nusu tu.

Hata hivyo, menjo haiwezi kuhamishiwa kanisani nzima nzima, maana ilikuwa ya wavulana, na unyago wa wasichana uliambatana na ukeketaji, ambao sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeupiga marufuku. Isitoshe, adabu ya menjo ilikuwa kupokea bila kubisha, ilhali kijana wa leo hulinganisha mahubiri ya Jumapili na anayoyasoma kwenye simu kabla hata hajafika nyumbani. Kanisa linapaswa kuchukua ukaribu wa motiriot na kuuacha ule ukimya.

Tena maswali ya vijana si ya mafundisho tu. Mei 2023, mashine za kuchumia chai zilipochomwa moto Kericho kwa sababu zilionekana kuwanyang'anya watu vibarua, kiini cha mgogoro kilikuwa thamani ya kazi ya mtu mbele ya faida, na hilo ni swali la kiteolojia, yaani linalomhusu Mungu na haki yake, hata likiulizwa na mchumaji ambaye hajawahi kufungua kitabu cha dini. Haki hiyo hudaiwa ndani ya kanisa pia: Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, aliyekuwa askofu wa Kericho kabla ya kuchaguliwa kuliongoza Kanisa la Kianglikana la Kenya mwaka 2016, aliwakataza wanasiasa kuhutubu madhabahuni mwaka 2021. Hatua hiyo iligusa shaka kubwa waliyo nayo vijana, kwamba mimbari hukodishwa kwa mwenye pesa. Hakuna kitabu, hata kiandikwe kwa ufasaha namna gani, kitakachoiondoa shaka hiyo iwapo mwenendo wa kanisa unaithibitisha.

Kwa hiyo wazee wa makanisa ya Kapkatet, Litein na Sotik, ambao kila Desemba huwaona vijana wakirudi nyumbani kwa likizo na wengine wakiingia jandoni, na wawatengee walezi wa kukaa nao mwaka mzima, wavulana kwa wasichana, na wawaruhusu kuuliza hata lile swali ambalo mchungaji mwenyewe bado hana jibu lake.