Furaha ya mpira nani ameilipia?

Juzi darasani kijana mmoja aliniuliza: "Ustadhi, ikiwa nchi nzima inafurahi, kuna ubaya gani Serikali kutumia mabilioni kwa ajili ya mpira?" Nikamjibu haraka haraka kwamba furaha ya halali haina ubaya. Nilipofika nyumbani nikaona sikumjibu, nilimkwepa.

Swali lake halikuja bure. Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na tangu hapo kila mtu, toka dereva wa teksi hadi mwenye gesti, anapiga hesabu za faida. Basi tumtazame aliyetutangulia.

Afrika Kusini ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2010 ilitumia viwanja 10, vitano vikiwa vipya. Kimoja kilijengwa Nelspruit kwa takriban randi bilioni moja. Kombe zima kilichezewa mechi nne. Nne tu! Kupisha ujenzi huo shule mbili zilihamishwa, watoto wakawekwa katika madarasa ya muda kwa ahadi ya kujengewa shule mpya, hadi wanafunzi wakaingia barabarani kuandamana. FIFA kwa upande wake ilihakikishiwa misamaha ya kodi, na mapato yake ya mwaka 2007 hadi 2010 yalizidi dola bilioni nne.

Tusidhulumu, yapo yaliyobaki. Treni ya Gautrain ilianza safari siku chache kabla ya mashindano na inabeba watu hadi leo. Lakini hata hiyo, mipango yake ilianza kabla nchi haijapewa kombe. Haikuhitaji mpira.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Fedha ya umma ni amana, na mwenye amana haulizwi tu kama watu walifurahi. Huulizwa furaha hiyo nani aliilipia, na kama aliridhia. Mimi mwenyewe napenda mpira, sifichi. Ila kuna mtoto kule Nelspruit aliyelipa kwa darasa lake, wala hakuna aliyemwomba ruhusa. Hilo kwangu halifutwi na shangwe za uwanja mzima.

Jumatatu nitamwambia hivyo. Namjua, atanyoosha tena mkono: "Na sisi, Ustadhi, tumeulizwa?"