Kiapo na Shahidi
Huko Numidia, mwaka 295, Maximilian alikataa uaskari wa Kirumi kwa kuwa alikuwa Mkristo, akauawa. Kanisa likamwita shahidi. Kisa hiki kina mwenzake Mlima Kenya. Katika miaka ya 1950 baadhi ya Wakristo waliuawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo; kanisa kuu la Murang'a ni ukumbusho wao. Dedan Kimathi, aliyekishika kiapo hicho, alihukumiwa Nyeri mwaka 1956, akanyongwa 1957. (Misheni nazo ziliapisha: mwaka 1929 waumini walitakiwa kutia kirore, alama ya kidole, kuikana tohara ya wasichana.) Kwa maoni yetu, wote hawa walikufa wakitunza kiapo walichokuwa wamekula. Mhakiki anayemwita yule Mkristo msaliti hana budi kutuonyesha kwanza ni kiapo gani alichokivunja.